Mawe ya Waliotoka Kimya

Jiwe la kwanza Adila alilipata siku aliyorudi machimboni, maziwa bado yakimtoka. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, na yeye alikaa kumi na mbili, kwa sababu arobaini ni za mtu mwenye mtoto wa kukaa naye. Alijifunga kitambaa kifuani kuyabana maziwa, akajitanda khanga juu yake, akaketi kwenye gunia lake kama kawaida: jiwe katikati ya miguu, pete ya mpira wa gari imelizunguka ili vipande visimrukie machoni, nyundo mkononi. Akapiga. Jiwe likapasuka pande mbili, na ndani yake, kwenye kitundu cha kuingia kidole gumba, kulikuwa na kitu kinachong'aa kama chumvi ya mawe.

Wanawake wanaogonga kokoto nyuma ya Mapinga, upande wa kuelekea baharini, wanavijua vitu hivyo. Huviita meno ya jiwe na hawavijali, kwa sababu lori halichagui. Adila alilitoa lile jino zima kwa ncha ya msumari, akalisuuza kwa maji ya kunywa, akalifumbata. Lilikuwa baridi. Kwa jua lile la Februari, na mwili ule uliowaka kwa maziwa yasiyo na wa kuyanywa, hakikuwapo kitu kingine cha baridi dunia nzima. Alikaa nalo mpaka mwenzake wa gunia la pili akamuuliza kama amelala.

"Sijalala," akasema. "Napumzika."

Mtoto wake alitoka kimya. Mtoto aliyetoka kimya hana mambo mengi: huoshwa, huviringishwa kitambaa cheupe, baba yake humchukua. Haadhiniwi, hasaliwi, hapewi jina. Wanawake hawaendi kuzika, hilo Adila alilijua tangu utotoni, na hakuwahi kuliona kuwa ni dhuluma mpaka alipomwona mumewe Sadallah akitoka mlangoni na kibunda mikononi, amekishika kama mtu aliyebeba bakuli la uji asije akaumwaga, na yeye pale kitandani haruhusiwi hata kunyanyuka. Sadallah alikwenda na ami yake, wakachimba shambani kwa marehemu baba yake, chini ya mkorosho. Alirudi na udongo kwenye kucha. Wazee wakamwambia Adila asilie sana, mtoto ni ndege wa peponi, atamngoja mlangoni. Adila akaitikia. Lakini mtu anayengojwa peponi bado ana miaka mingi ya kuishi Mapinga, na hilo hakuna aliyelizungumzia.

Mwaka mmoja na nusu baadaye akatoka wa pili. Naye kimya, naye akapelekwa chini ya mkorosho. Adila akarudi machimboni, akalingoja jiwe lake kama mtu anayengoja barua, na baada ya siku nane akalipata, hili la rangi ya asali.

Wa tatu ndiye aliyewamaliza. Mimba ilikuwa ya miezi minane damu ilipoanza, na hospitali ikasema lazima apasuliwe. Sadallah aliuza kipande cha shamba. Mtoto, wa kiume, alilia mara moja, akanyamaza. Kwa kilio hicho kimoja alistahili jina, sala, na kaburi la haki kwenye makaburi ya watu wote, lenye vibao viwili vya kichwani na miguuni. Wakamwita Yahya. Na kwa kuwa damu ilikataa kukoma, kizazi kikatolewa. Adila alipozinduka alikuwa na miaka thelathini na nne, na hapakuwa tena na kitu cha kungoja.

Hapo ndipo alipoanza kukusanya kweli. Alijifunza kusikiliza. Jiwe lenye tundu ndani hulia tofauti likigongwa, sauti yake inarudi, na Adila akawa anayachagua mawe kwa masikio kabla hajayachagua kwa macho. Aliyasugua meno yake kwa mswaki mkuukuu na sabuni, akayaweka kwenye ndoo ndogo ya samli. Meupe, ya asali, mengine yenye ukungu ndani kama jicho la mzee. Baada ya sala ya alasiri aliyatandaza mkekani, akayapanga na kuyapangua. Haikuwa furaha, tusidanganyane. Ilikuwa saa moja katika siku ambayo kifua hakikumbana, na mtu asiyewahi kubanwa kifua hawezi kujua saa moja ni nyingi kiasi gani. Matatu, moja la kila mtoto, hakuyachanganya na mengine. Hayo aliyafunga kwenye pindo la khanga, akalala nayo.

"Wenzako wanakusanya vyombo," Sadallah alimtania, "wewe unakusanya mizigo."

Lakini hakumkataza. Baba yake alivaa pete ya akiki mpaka siku ya kufa, akaamini inamtuliza moyo, na hakuna aliyemwita mshirikina.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mitano, mpaka Dija alipokuja machimboni kutafuta kokoto za kutandaza kwenye njia ya nyumbani kwake. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mstaafu wa benki, amehama mjini baada ya mume kuoa pengine. Nyumba yake yenye geti la kijani ilikuwa palepale kwenye kile kipande alichouza Sadallah, inapakana na ukanda wa shamba uliobaki. Adila alikuwa anajua. Kiwanja kikishauzwa kimeuzwa, hakuwa na kinyongo nacho.

"Shikamoo mama," Adila akamwamkia.

"Marahaba. Niite dada, hilo la mama linanizeesha." Kisha Dija akaliona jino lililokuwa pembeni ya gunia, akachuchumaa. "Mdogo wangu, unajua umeshika nini?"

Adila akasema anajua, ni jino la jiwe.

Dija akacheka, akamwambia kwamba huko mjini watu wanayanunua hayo, wanayaweka vyumbani, wanayalalia. Kwamba jeupe ni la kusafisha, la asali ni la kutia nguvu, la rangi ya waridi ni la moyo uliovunjika. Alikuwa ameyasoma hayo kwenye simu, na aliyasema kwa uhakika wa mtu aliyeyasoma kwenye simu. Siku ya pili alimpeleka kwake akamwonyesha rafu iliyojaa mawe ya zambarau, ya kijani, ya waridi, mengine makubwa kama nazi. Adila alisimama mbele ya rafu ile akasahau adabu, akayagusa yote.

Alikwenda tena, na tena. Dija alimlaza kwenye baraza ya nyuma, mkeka juu ya sakafu, jiwe la waridi kifuani. Siku ya kwanza Adila alilia mpaka akapata kwikwi. Jiwe halikufanya kitu. Adila si mjinga, ametumia nusu ya maisha yake kuyavunja mawe na anajua hayana ahadi na mtu. Lakini hapa palikuwa na mtu aliyemwambia alale, akamfunika khanga, akamuuliza habari za kila mtoto mmoja mmoja, na hakumtajia ndege. Na mahali penyewe palimpa utulivu. Alidhani ni kwa sababu watoto wake wawili walikuwa karibu, ng'ambo ya ukuta, upande wa shamba uliobaki. Ndivyo alivyoambiwa na Sadallah.

Siku moja alifungua pindo la khanga akamwonyesha Dija yale matatu.

Dija aliyatazama muda mrefu. "Haya si yako," akasema. "Haya yana wenyewe. Wewe umewabebea tu, na ndiyo maana unachoka. Wapelekee, mdogo wangu. Kila mmoja apewe lake pale alipolala. Utaona."

Maneno hayo yalimwingia Adila kama dawa. Miaka yote alikuwa hajui anataka nini, na sasa alijua: anataka kila mtoto apate jiwe lake, juu ya mahali pake, basi. Kitu kidogo kiasi hicho. Alirudi nyumbani akampa Sadallah lile la Yahya, na Sadallah akalichukua. Ijumaa baada ya sala alikwenda makaburini akaliweka katikati ya vile vibao viwili, akarudi akamweleza: limekaa vizuri, jua linalipiga, kaburi limeota nyasi kidogo amezing'oa. Adila alimfanya ayarudie maneno hayo mara tatu. Jioni ile alikula sahani nzima ya wali, jambo ambalo mumewe alikuwa hajaliona siku nyingi.

Ndipo Adila akaomba na ya wale wawili yapelekwe.

"Ijumaa ijayo," Sadallah akasema.

Ijumaa ijayo mvua ilinyesha. Iliyofuata kulikuwa na muhogo wa kung'oa. Ya tatu, Sadallah akasema amemuuliza ustadhi, naye hapendi watu kuweka vitu juu ya makaburi.

"Mbona la Yahya uliliweka?"

"Ndiyo nimeuliza baadaye."

"Basi nionyeshe mahali tu. Nitaweka mwenyewe, dhambi iwe yangu."

Sadallah, mtu mpole asiyejua hata kumfokea mbuzi, alisimama akampigia kelele. Akasema yule mama wa mjini amemharibu, mawe yale ni ushirikina, na hataki kusikia ameingia tena kwenye nyumba ile. Kisha akatoka akakaa mlangoni na mgongo wake ukawa unatikisika. Adila akadhani ni hasira.

Siku iliyofuata hakwenda machimboni. Alikwenda shambani peke yake, na mawe mawili kwenye pindo. Alianzia kwenye ukuta wa Dija, akatembea mstari kwa mstari katikati ya muhogo mpaka kwenye korongo, akarudi, akaenda tena. Mikorosho haikuwapo. Kulikuwa na minazi miwili na mwembe mchanga, na mahali pote pengine jembe lilikwishapita. Jua lilipokuwa utosini alikaa chini kwenye matuta, na hofu ikamshika taratibu, kuanzia miguuni.

Alimkuta Sadallah uani anamenya muhogo.

"Nimetoka shambani," akasema. "Nimepekua kote. Uliniambia chini ya mkorosho. Mkorosho uko wapi?"

Sadallah aliendelea kumenya mpaka kipande kile kikaisha. "Ulikatwa."

"Na nani?"

"Na mwenye kiwanja."

Adila akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi kilichokuwa karibu.

Ilimchukua Sadallah muda kulisema, na alilisema akiitazama sufuria. Kiwanja kiliuzwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, kama vinavyouzwa vyote huku. Asubuhi ya siku ya kuuza alikwenda peke yake akapiga hatua zake mwenyewe. Ishirini ziliishia upande huu wa mkorosho, akachomeka kijiti. Watoto walikuwa nje. Aliridhika. Mchana akaja mjumbe wa mtaa, akaja na dalali Muhidini, na kwa kuwa mnunuzi alikuwa mjini, Muhidini ndiye aliyepiga hatua kwa niaba yake. Na Muhidini kila mtu Mapinga anamjua, miguu yake inaanzia kifuani. Hatua ya kumi na saba aliupita mkorosho.

"Ukasema nini?"

"Nilisema hatua ni kubwa. Akasema hatua ni hatua. Mjumbe akacheka."

"Hukusema kuna watoto."

"Kiwanja chenye makaburi angenunua nani, Adila?" Sasa alikuwa analia waziwazi, kisu bado kiko mkononi. "Wewe uko kitandani, damu inatoka, wananiambia nilete pesa leo. Nikatia saini. Nikajiambia, nitawahamisha kabla hawajaanza kujenga. Nikarudi nimzike Yahya, nikakuta seng'enge imeshazungushwa. Nikajiambia, pengine msingi hautafika pale."

"Ni wapi hasa?"

"Pale nyuma. Penye baraza."

Adila angetegemewa apige ukelele, angetegemewa amrukie mumewe na kile kisu chake, na wengine wangesema ana haki. Lakini kilichomjia kwanza kilikuwa kitu cha ajabu, karibu na furaha. Miezi yote ile alikuwa amelala juu yao. Utulivu ule haukuwa wa jiwe la waridi. Walikuwa chini yake, mkeka na saruji tu katikati, na mwili wake ulijua hata kama yeye hakujua.

"Nitakwenda kwa Dada Dija," akasema. "Nitamwambia ukweli. Nitamwomba niwawekee mawe yao pale barazani. Hatakataa."

Sadallah aliishika miguu ya mkewe. "Nenda," akasema. "Nenda ukawaone. Ukiniambia wapo, hata kama ni chini ya saruji, nitajua sikuwapoteza. Miaka mitano mimi sipiti njia ile, Adila. Nazungukia barabarani."

Usiku ule Sadallah hakula, akatoka akakaa mlangoni. Asubuhi alikuwa bado amekaa mlangoni palepale, amevaa nguo zilezile, na Adila alipompita alimtazama kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Dija alikuwa amepika maandazi. Alifurahi kumwona, akamkaribisha barazani, akamtandikia mkeka. Adila hakulala. Aliketi, akaweka kiganja sakafuni, akakiacha pale.

"Dada," akasema, "mafundi walipochimba msingi huku nyuma, walikuta kitu?"

Alikusudia iwe njia ya kuanzia tu. Mtu huanza mbali anapokuwa na neno zito, na huku kwetu kuingia moja kwa moja ni utovu wa adabu. Alitegemea Dija aseme hapana, naye ndipo amwambie.

"Mdogo wangu, nani amekwambia?" Dija akaweka sahani chini. "Mimi habari hii siisemi, watu wataogopa kuja kwangu. Walikuta. Mimi mwenyewe nilikuwapo siku hiyo. Vibunda viwili vya kitambaa cheupe, vidogo hivi, vimefungwa huku na huku. Vimezikwa karibu karibu chini ya mti. Vijana walitupa sepetu wakakimbia. Fundi mkubwa akasema kiwanja kimezikiwa kafara, mwenye kuuza hakutaka kikae kwa mnunuzi."

"Hamkufungua?"

"Thubutu. Akaletwa mtaalamu, akasema ukifungua tu, kilichomo kinakurukia. Vikamwagiwa mafuta ya taa palepale, vikachomwa. Majivu akayachukua kwenye mfuko, akasema anakwenda kuyatupa bahari kuu, huko mbele ya Mlingotini. Sijui kama alifika au aliyatupa njiani, watu wenyewe unawajua." Dija akajipepea kwa upindo wa khanga. "Basi nikahamia hapa, lakini usingizi sina. Wiki mbili silali, naona kama kuna vitu vinanitazama. Ndipo nikaingia kwenye simu kutafuta namna ya kusafisha mahali. Nikaagiza yale meupe manne, nikayafukia kwenye pembe za nyumba, ili kilichokuwapo kisirudi. Nikapata usingizi. Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo haya ya mawe, na mpaka leo namshukuru Mungu."

Adila bado alikuwa na kiganja sakafuni. Sakafu ilikuwa ya saruji laini, imepigwa nta nyekundu, na chini yake palikuwa na kokoto, na chini ya kokoto mchanga. Hapakuwa na kitu kingine.

"Mbona umeniuliza?" Dija akasema.

Adila alifungua pindo. Fundo lilikuwa limekaza, ikabidi atumie meno. Akayaweka mawe mawili sakafuni, jeupe na la asali.

"Walikuwa wanangu," akasema. "Mume wangu ndiye aliyeuza. Alishindwa kusema."

Sitaeleza namna Dija alivyolia. Alilia kwa haki, na hakuna aliyemzidi kuomba radhi siku ile. Alijipiga kifua, akasema atavunja baraza, atavunja nyumba, atakwenda kumtafuta yule mtaalamu amwambie majivu aliyamwaga wapi. Alikimbilia pembeni ya nyumba akaanza kuchimbua kwa mikono lile jiwe la kwanza alilolifukia, mchanga ukamwingia kwenye kucha. Adila alimtazama kutoka barazani, akamwonea huruma kwa mbali, kama unavyomwonea huruma mtu asiye wako. Walichomwa. Ndilo neno pekee lililokuwa kichwani mwake. Hawakusaliwa, hawakuitwa jina, wakachomwa kama takataka, wakafukuzwa kwa mawe yaleyale ambayo mama yao alikuwa anajipoza nayo.

"Yachukue wewe," akasema alipoinuka, akiyaonyesha yale mawili. "Mimi sina pa kuyapeleka."

Njiani alipanga maneno. Alipanga kumwambia Sadallah yote, kibunda kwa kibunda, mafuta ya taa, moto, mfuko. Alitaka aumie. Alitaka, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, kumwona mtu mwingine amebeba nusu. Miaka yote hii alibeba peke yake, akiambiwa asilie sana, na sasa walau kungekuwa na wawili wanaojua. Haki hiyo alikuwa nayo na mimi simnyimi.

Sadallah alisimama alipomwona. Alikuwa amekonda kwa usiku mmoja, au pengine alikonda miaka mitano na Adila hakuwa ametazama.

Adila akafungua kinywa, na akajua kwamba huyu mtu akiambiwa hataishi. Si maneno ya kutia chumvi. Atajinyonga, au ataacha kula mpaka afe, na yeye atabaki Mapinga na makaburi mengine tena ambayo haruhusiwi kuyafuata.

"Wapo," akasema. "Wako palepale, chini ya baraza. Msingi haukuwagusa. Ulipita pembeni."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona. Mawe yao nimewaachia."

Sadallah akaanguka kusujudu pale uani, kwenye maganda ya muhogo, akalia kwa sauti akimshukuru Mola wake. Kisha akaomba chakula. Adila akawasha moto, akampikia, akamtazama akila. Alikuwa anakula kama mtu aliyetoka safari.

Dija alikuja baada ya siku mbili, macho yamevimba. Adila alimwahi njiani kabla hajabisha hodi.

"Mume wangu anajua wapo," akamwambia. "Msingi ulipita pembeni."

Dija alimtazama, akaelewa, akageuza.

Ndoo ya samli Adila alimpa mwenzake wa gunia la pili, ambaye wanawe wanachezea yale meno uani na kuyapoteza moja moja. Usiku analala mikono mitupu. Amejaribu kushika mawe mengine, mazuri kuliko yale, na yote ni mawe.

Na kila Ijumaa baada ya sala, Sadallah hupita sasa njia ile ya kiwanjani, tena kwa kanzu safi. Husimama nje ya ukuta wa nyumba yenye geti la kijani, upande wa nyuma, akawasomea wanawe Yasini kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na Dija ndani huzima redio mpaka amalize. Hurudi nyumbani mwepesi, uso umekunjuka, akamwambia mkewe: "Nimewasalimia. Twende na wewe siku moja."

"Ijumaa ijayo," Adila humjibu, na humwekea maji ya kuoga.